Kuusoma Moyo Kutoka Juu ya Ngozi: Ramani ya Umeme wa Moyo na Mgonjwa wa Himo

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo hutanguliwa na umeme. Umeme huo ni mdogo mno. Ufikapo juu ya ngozi ya kifua huwa na nguvu ya takriban milivolti 1, ilhali betri ndogo ya redio ina milivolti 1,500. Hata hivyo, ishara hiyo hafifu hubeba habari nyingi kuhusu hali ya moyo, na kwa zaidi ya miaka 100 matabibu wamekuwa wakiisoma kwa kipimo cha ECG.

Katika miongo ya karibuni wanasayansi wameongeza swali jipya. Hawaulizi tu kama mapigo yana hitilafu, bali pia hitilafu hiyo inaanzia mahali gani hasa ndani ya moyo. Tena wanatafuta jibu bila kupitisha waya wowote katika mishipa ya damu, kwa kutumia elektrodi nyingi zilizobandikwa kifuani na hesabu za kompyuta. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, mipaka yake ni ipi, na kwa nini inamhusu mgonjwa na mhudumu wa afya wa Himo, ambako kipimo chenyewe bado hakijafika.

Njia ya umeme ndani ya moyo

Himo ni njia panda. Barabara itokayo Moshi hugawanyika hapo: moja hupanda Marangu, nyingine huelekea Holili na kuvuka mpaka hadi Taveta nchini Kenya, na nyingine hushuka kuelekea Mwanga, Same na hatimaye Dar es Salaam. Moyo nao una njia panda yake, na magonjwa mengi ya mapigo hueleweka kwa urahisi mtu akishaifahamu.

Katika moyo wenye afya, umeme huanzia kwenye fundo dogo la chembe maalumu lililo katika chumba cha juu cha kulia. Fundo hilo lilielezwa mwaka 1907 na Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack. Kutoka hapo umeme husambaa katika vyumba vyote viwili vya juu, kisha hufika kwenye fundo la pili, lililo kati ya vyumba vya juu na vya chini, ambalo Mjapani Sunao Tawara alilieleza mwaka 1906. Katika fundo hili la kati umeme hucheleweshwa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde. Ucheleweshaji huo una faida kubwa, kwani huvipa vyumba vya juu nafasi ya kumimina damu kabla vyumba vya chini havijajikaza. Baada ya hapo umeme hushuka kwa kasi kupitia matawi mawili, la kulia na la kushoto, na kuamsha misuli ya vyumba vya chini karibu kwa wakati mmoja.

Hitilafu za mapigo ya haraka hutokea kwa namna kuu tatu. Kwanza, sehemu fulani ya misuli inaweza kutoa umeme isipostahili, ikalitangulia fundo la kwanza. Pili, umeme unaweza kuzunguka kovu, kwa mfano kovu lililoachwa na shambulio la moyo, ukarudi ulikotoka na kuanza upya bila kikomo. Tatu, mtu anaweza kuzaliwa na kijinjia cha ziada kinachounganisha vyumba vya juu na vya chini bila kupitia fundo la kati. Wakazi wa Himo na Holili wataielewa hali hii ya tatu upesi, kwa maana ni njia ya panya: mzigo unapita pembeni bila kusimamishwa kituoni. Hali hiyo hujulikana kwa majina ya madaktari watatu, Wolff, Parkinson na White, walioieleza mwaka 1930.

Namna zote tatu zina jambo moja linalofanana. Kila moja ina mahali pake, na mahali hapo pakijulikana, mara nyingi pataweza kutibiwa.

Kutoka ndoo za maji ya chumvi

Umeme wa moyo wa binadamu ulirekodiwa kwa mara ya kwanza kutoka juu ya ngozi mwaka 1887, katika Hospitali ya St Mary's mjini London, na Augustus Waller. Chombo chake kilikuwa kizito wa kuitikia, na michoro yake haikuwa safi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Leiden nchini Uholanzi aliunda chombo bora zaidi. Kilikuwa na uzito wa takriban kilo 270 na kilihitaji watu watano kukiendesha, huku mgonjwa akiwa ametumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Kwa kazi hiyo Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Elektrodi za kifuani ziliongezwa katika miaka ya 1930, na mwaka 1942 Emanuel Goldberger akakamilisha mpangilio wa mielekeo 12 unaotumika hadi leo duniani kote. Mielekeo hiyo 12 hutokana na elektrodi 10 tu. Ni kama watu wachache waliosimama pande mbalimbali za nyumba wakisikiliza mazungumzo ya ndani: wanaweza kutambua kwamba kuna ugomvi, na pengine ugomvi uko upande gani, lakini hawawezi kutaja chumba kwa uhakika.

Hata hivyo, wataalamu wamezoea kukisia. Daktari bingwa akiiona ECG ya mgonjwa mwenye kijinjia cha ziada, hutazama mwanzo wa wimbi kubwa katika kila mwelekeo na kukadiria kama kijinjia kiko upande wa kulia au wa kushoto, mbele au nyuma. Kwa hiyo wazo la kuutafuta mwanzo wa umeme kutoka nje ni la zamani. Kilichobadilika ni wingi wa elektrodi na nguvu ya hesabu.

Swali la kinyumenyume

Mtu akijua umeme umeanzia wapi ndani ya moyo, kuhesabu utakavyoonekana kifuani si kazi ngumu kwa kompyuta. Kazi ngumu ni kwenda kinyume: kuanza na kinachoonekana kifuani na kurudi hadi kwenye chanzo.

Ugumu huo unaweza kuelezwa kwa mfano wa maji. Mto ukishuka kutoka mlimani ukiwa na tope, mtu aliye chini tambarare anaweza kuliona tope hilo lakini asijue limetoka kijito kipi. Huenda ukingo mmoja mkubwa umebomoka mbali, au huenda kingo kadhaa ndogo zimebomoka karibu. Sababu nyingi tofauti zinaweza kuleta maji yenye rangi ileile. Lakini mtu huyo akiwa na ramani ya vijito vyote na miteremko yake, akaweka watazamaji katika vivuko vingi, na akajua maji huchukua muda gani kutoka kivuko hadi kivuko, ataweza kupunguza uwezekano mpaka ubaki mmoja au michache.

Hivyo ndivyo wanahisabati walivyoufanya moyo. Badala ya ramani ya vijito, wana picha ya CT inayoonyesha umbo la moyo wa mgonjwa huyo na umbali wake kutoka kwa kila elektrodi. Badala ya watazamaji wachache, wana elektrodi zipatazo 250. Aidha, wana kanuni za fizikia zinazoeleza jinsi umeme unavyopita katika mwili, pamoja na mbinu za kuidhibiti hesabu ili kosa dogo la kipimo, kama vile mgonjwa kuvuta pumzi au kutikisa bega, lisizae kosa kubwa katika jibu. Mojawapo ya mbinu hizo hubeba jina la mwanahisabati wa Kirusi, Andrey Tikhonov.

Msingi mwingine ni ujuzi wa chembe yenyewe. Mwaka 1960 Denis Noble, akiwa mtafiti kijana mjini London, alitumia kompyuta ya wakati huo kuhesabu jinsi madini yenye chaji yanavyoingia na kutoka katika chembe ya moyo na kulizalisha pigo. Huo ulikuwa mwanzo wa mioyo ya kompyuta, ambayo sasa hutumiwa kujaribu hesabu kabla ya kuzitumia kwa binadamu.

Fulana ya elektrodi

Mwaka 2004 kundi la Yoram Rudy nchini Marekani lilichapisha ramani za umeme wa mioyo ya binadamu zilizopatikana kwa njia hii, zikionyesha mapigo ya kawaida na pia mapigo yenye hitilafu. Kwa mgonjwa, kipimo chenyewe ni chepesi. Huvishwa fulana au bandeji zenye elektrodi mbele na nyuma ya kiwiliwili, umeme hurekodiwa, kisha hupigwa picha ya CT akiwa bado na elektrodi zake. Kompyuta huunganisha mambo hayo mawili na kuchora moyo wenye rangi, ambapo rangi moja huonyesha sehemu iliyoamka kwanza na nyingine sehemu iliyoamka mwisho. Pigo moja tu laweza kutosha.

Faida ya pigo hilo moja ni kubwa. Kwa kawaida, anayetaka kujua chanzo cha hitilafu hulazimika kupitisha mirija myembamba kutoka kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, na kugusa sehemu moja baada ya nyingine. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na hitilafu isipojitokeza siku hiyo, hakuna cha kupima. Chanzo kikipatikana, sehemu hiyo huunguzwa kwa ncha ya mrija huohuo. Tiba ya aina hii ilipata msukumo mpya mwaka 1998, wakati Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walipoonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi waliowachunguza, mtetemeko wa vyumba vya juu vya moyo ulichochewa na umeme utokao katika mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni.

Mwaka 2017 madaktari wa St. Louis, Marekani, walikwenda mbali zaidi. Walichukua wagonjwa watano wenye mapigo hatari ya vyumba vya chini yaliyoshindikana kwa tiba nyingine, wakatafuta chanzo kwa ramani ya kutoka nje, kisha wakakielekezea mionzi kama ile inayotumika kutibu saratani. Katika miezi iliyotangulia wagonjwa hao walikuwa wamepata jumla ya matukio zaidi ya 6,500. Baada ya wiki sita za mwanzo kufuatia tiba, yalihesabiwa manne tu. Wagonjwa watano ni wachache, na mionzi ina madhara yake. Lakini tukio hilo lilionyesha kwamba chanzo cha hitilafu kinaweza kutafutwa na kutibiwa bila kuingiza mrija moyoni.

Ramani si moyo

Ni wajibu kusema wazi kwamba ramani hizi ni makadirio. Huuonyesha uso wa nje wa moyo vizuri kuliko sehemu za ndani, na ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini hufichika kwa sehemu kubwa. Utafiti wa Bordeaux uliochapishwa mwaka 2019, uliolinganisha ramani za kutoka nje na vipimo vilivyochukuliwa kwa kuugusa moyo wa mgonjwa yuleyule, ulikuta kwamba kwa ujumla ulinganifu ulikuwa hafifu. Ulikuwa bora zaidi kwa wale ambao wimbi lao kuu la ECG lilikuwa pana. Ndiyo maana kipimo hiki hufanyika katika vituo vichache vya ubingwa na utafiti. Mgonjwa wa mapigo asidhani kwamba amekosa tiba kwa sababu tu hajakipata.

Inapoanzia Himo

Nini basi maana ya haya kwa zahanati au kituo cha afya kilicho kandokando ya barabara ya Himo? Maana yake ni kwamba kila ramani, hata iliyo bora kuliko zote, huanza na ishara iliyorekodiwa vizuri kwa wakati unaofaa, na hatua hiyo ya kwanza haihitaji mtambo wa kigeni.

Utafiti mmoja wa mkoani Kilimanjaro unaonyesha uzito wa jambo hili. Katika Wilaya ya Hai, watafiti waliwapima ECG watu 2,232 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba watu 15 tu ndio waliokuwa na mtetemeko wa vyumba vya juu, yaani chini ya asilimia 1, wakati katika nchi tajiri hali hiyo huonekana kwa karibu mtu 1 kati ya 10 waliotimiza miaka 80. Huenda wazee wa Hai wanaupata ugonjwa huu kwa uchache kweli. Lakini ikumbukwe pia kwamba ECG ya kawaida hunasa sekunde 10 hivi. Mtetemeko unaokuja na kuondoka hauonekani mgonjwa akipimwa wakati umetulia.

Kwa vijana sura ni nyingine. Katika Afrika Mashariki, ugonjwa wa valvu za moyo utokanao na homa ya baridi yabisi bado ni chanzo kikubwa cha mtetemeko huo. Valvu ya kushoto ikisinyaa, chumba cha juu hutanuka, umeme hupotea njia, damu hutuama na kuganda, na bonge likichomoka huenda kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Utafiti wa REMEDY, uliofuatilia wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huu katika nchi 14, zikiwamo Kenya na Uganda, ulikuta nusu yao wana umri wa miaka 28 au chini ya hapo, na takriban asilimia 22 walikuwa na mtetemeko. Mama kijana anayelalamika kwamba moyo unamwenda mbio anastahili kuwekewa elektrodi kabla ya kuambiwa kwamba ni mawazo tu.

ECG inayoaminika

Mpimaji akiweka elektrodi vibaya, hata kompyuta yenye nguvu itatoa jibu lisilo sahihi. Elektrodi V1 na V2 hukaa katika nafasi ya nne kati ya mbavu, kulia na kushoto mwa mfupa wa kidari. Kosa lililozoeleka ni kuziweka juu mno, karibu na mtulinga, na mchoro wake unaweza kufanana na wa mtu aliyewahi kupata shambulio la moyo. V4 hukaa nafasi ya tano, chini ya katikati ya mtulinga. V3 hukaa kati ya V2 na V4. V5 na V6 hufuata mstari mmoja wa mlalo na V4, kuelekea kwapani. Waya za mikono zikibadilishana, mwelekeo wa kwanza hupinduka. Kila karatasi iandikwe jina, tarehe, saa, na kama mgonjwa alikuwa na dalili wakati huo. Maneno manne, “moyo ulikuwa unakwenda mbio”, yana thamani kubwa kwa daktari bingwa atakayeisoma baadaye.

Mgonjwa akifika huku moyo unakwenda mbio na hali yake imetulia, ECG ya mielekeo 12 ipimwe kabla ya dawa, kwa kuwa dawa ikishafanya kazi ushahidi hutoweka. Akiwa amezirai, shinikizo limeshuka, ana maumivu ya kifua au pumzi inambana, uhai wake huja kwanza na karatasi hufuata. Onyo moja lisisahaulike: mapigo ya haraka sana, yasiyo na mpangilio, yenye mawimbi mapana, huenda yanapita kwenye kijinjia cha ziada. Kwa mgonjwa huyo verapamili, digoksini na adenosini zaweza kuleta kifo, kwa sababu zinafunga kituo cha katikati na kuiacha njia ya panya wazi. Mgonjwa wa namna hiyo huhitaji kurudishwa katika mapigo ya kawaida kwa mshtuko wa umeme hali yake ikiyumba, na kupelekwa rufaa bila kuchelewa.

Kutoka Himo safari ya rufaa huelekea kwanza Moshi, ambako Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC imekuwa ikihudumia kanda ya kaskazini tangu mwaka 1971. Wanaohitaji upasuaji wa moyo au matibabu ya moyo kupitia mishipa ya damu hupelekwa mbele zaidi, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Katika kila hatua, karatasi ya ECG iliyopimwa wakati wa tukio ndiyo iendayo na mgonjwa. Ikibaki kwenye faili la zahanati, daktari wa mbele huanza upya, na huenda tukio lisirudi mbele ya macho yake.

Kwa mgonjwa na familia yake

Moyo kudunda kwa nguvu baada ya kupanda mlima au kupata hofu si ugonjwa. Unaohitaji uchunguzi ni moyo unaoanza kwenda mbio ghafla mtu akiwa ametulia, au usio na mpangilio. Unaohitaji haraka ni ule unaoambatana na kuzirai, maumivu ya kifua au pumzi kubana, au ukiwa katika familia ambamo vijana wamewahi kufa ghafla. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito ni dharura, usiku hata mchana.

Mgonjwa anaweza kusaidia uchunguzi wake mwenyewe. Tukio likianza, aende kwenye kituo chenye ECG wakati huohuo, asingoje lipite. Asipoweza, ahesabu mapigo ya mkononi kwa dakika nzima, aandike saa lilipoanza na lilipokoma. Atunze kila karatasi ya ECG kama atunzavyo kadi ya kliniki.

Mwenye ugonjwa wa valvu utokanao na baridi yabisi asiache sindano zake za penisilini za kila wiki tatu au nne. Aliyepewa warfarini kwa sababu ya valvu iliyosinyaa na mtetemeko asiibadilishe kwa ushauri wa jirani: utafiti wa INVICTUS, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wenye mtetemeko utokanao na baridi yabisi, dawa za kundi la warfarini ziliokoa maisha zaidi kuliko rivaroksabani. Dawa hiyo huhitaji damu kupimwa mara kwa mara, na safari za Moshi ni gharama. Lakini gharama ya kiharusi kwa mama wa miaka 28 hubebwa na watoto wake kwa miaka mingi.

Siku itakapofika fulana ya elektrodi 250 katika hospitali za kanda hii, wagonjwa watakaonufaika kwanza ni wale ambao hitilafu yao ilikwisha kuonekana, kuandikwa na kutunzwa. Kwa sasa, elektrodi 10 zilizowekwa mahali pake, kwa wakati wake, zinaweza kuamua kama mgonjwa wa Himo atafika kwa daktari bingwa akiwa na jibu la nusu mkononi, au atarudi nyumbani akiwa ameambiwa kwamba hana kitu.